Gimbi la Kiapo

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kazi yangu pale nyumbani Mbalizi, ukiacha kuchota maji, ilikuwa kumsaidia mama kutunza maua ambayo mtaa mzima haukuona maana yake. Tuliyaita maua, lakini yalikuwa majani tu, mapana kama ya magimbi, katikati mekundu na pembeni kijani. Mama aliyapanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na kuyapanga barazani, upande usiopigwa na jua la mchana, karibu na cherehani ya baba. Baba alikuwa fundi nguo. Wateja waliokuja kupimwa walikuwa wakiuliza kama yale majani yanaliwa, na mama aliwajibu kwamba yanatazamwa. Wengi walicheka. Miaka ile ya sabini, kupanda kitu cha kutazama tu, tena kwenye kopo zuri, kulionekana ni maringo ya mtu aliyeshiba.

Mama alikuwa Mhehe wa Kihesa. Viazi vya maua yale alikuja navyo siku alipoolewa, ndani ya sanduku lake, vimezungushiwa majivu na kufungwa kwenye kitambaa. Vilikuwa vitatu tu wakati huo. Mpaka nilipofikisha akili ya kuhesabu vilikuwa vimezaana vikawa kumi na kimoja, na kile kikubwa kuliko vyote, chenye vinundu ubavuni, mama alikiita Mkubwa, kama anavyoitwa mtu.

Utunzaji wake ulikuwa na taratibu, na mama hakuruhusu mzaha. Mvua za kwanza zikinyesha, mwezi wa kumi na moja, tulitoboa kopo kitako kwa msumari, tukatia kokoto, kisha udongo mweusi wa chini ya migomba uliochanganywa na samadi ya zamani na mchanga kidogo. Kiazi kiliwekwa macho yakiangalia juu, kikafukiwa vidole viwili kwenda chini. Maji yalimwagwa pembeni ya kopo, kamwe si juu ya chipukizi. Mwezi wa tano baridi ilipoanza, majani yalilegea, yakageuka rangi, yakalala, na mtu asiyejua angedhani yamekufa. Hapo mama aliacha kabisa kuyanywesha. Tulichimbua viazi, tukavianika kivulini siku nne, tukavifukia kwenye kikapu cha majivu, kikapu kikawekwa darini juu ya meko ambako moshi na joto vilivilinda na baridi ya mwezi wa saba. Kila baada ya wiki mbili nilipanda ngazi kuvibonyeza kimoja kimoja kwa dole gumba, na kilicholainika kilitolewa kabla hakijaozesha vingine. Alinionya jambo moja tu: kiazi kikichubuka, nisijiguse macho wala mdomo, kwa sababu utomvu wake unawasha vibaya.

Bibi, mama yake baba, hakuyapenda maua yale tangu siku ya kwanza. Tulikaa naye uani, nyumba yake na yetu zikitazamana. Alikuwa mtu wa Tukuyu, aliyelelewa katikati ya migomba na magimbi, na kwake jani la gimbi lilikuwa jani la chakula. Jani linalofanana nalo halafu haliliwi lilimuudhi. Alisema mmea wa namna hiyo ni mwongo, na mwongo hafugwi uani.

"Mama Sekela," alimwambia mama siku moja mbele yangu, "hayo majani yako hayaliwi, sawa. Siku moja yenyewe yatakula mtu."

Mama alijibu, "Ndiyo, mama," akaendelea kumwagilia. Watu wa Mbeya waliwatania Wahehe kwamba ni wepesi wa hasira, wasichokozwe. Mama yangu sikuwahi kumwona ana hasira. Nadhani ingekuwa afadhali kama angekuwa nayo kidogo.

Sasa lazima niseme juu ya magimbi, maana bila hayo kisa hiki hakieleweki. Kila mtu anajua gimbi lisipoiva sawasawa linawasha kinywa. Bibi hakuamini kwamba ni suala la kuiva. Kwake gimbi lilikuwa na masikio. Ukilimenya huku unasengenya, litawasha. Ukiligombania jikoni, litawasha. Na mtu mwenye uongo moyoni akilitia mdomoni, hata kama wenzake wote wamekula chungu hicho hicho wakashiba, yeye litamuunguza. Alitusimulia watu wa ujana wake waliojulikana kwa njia hiyo, kwa majina yao na ya baba zao. Mimi nilikuwa namenya magimbi nimefunga mdomo kabisa, hata nikiwa peke yangu.

Mwaka huo, mwezi wa sita, sanda ya bibi ilipotea.

Ilikuwa kitambaa cha bafta nyeupe, kipya, alichojiwekea tangu babu alipofariki. Wazee wengi walikuwa wakifanya hivyo, hasa wakati ule nguo zilipokuwa za kutafuta kwa tochi madukani. Alikiweka chini kabisa ya sanduku lake la bati, na kila baada ya miezi michache alikitoa, akakianika, akakikunja tena. Siku hiyo alifungua sanduku, akatoa vyote, akarudisha vyote, akakaa chini. Kumwibia mtu aliye hai sanda yake, kwa imani ya bibi, ni sawa na kumchimbia kaburi na kuliacha wazi likimsubiri. Tangu siku hiyo alianza kulalamika kifua. Alikataa kula. Nilimpenda bibi yangu, kwa ukali wake wote, na nilikuwa na hakika kwamba atakufa.

Aliyefagia chumba cha bibi ni mama. Hilo lilitosha. Hakuna aliyetamka neno mwizi, ila mazungumzo yalikatika mama alipoingia. Shangazi Tumpe, mdogo wake baba aliyekaa na bibi, alianza kufagia chumba yeye mwenyewe. Baba alipoulizwa na bibi alikuwa anakanyaga cherehani. Hakuinua kichwa. Alisema atafuatilia.

Bibi akaagiza aitwe baba mkubwa, kaka yake baba, kutoka Tukuyu. Alikuja Jumamosi. Wakakubaliana kwamba Jumapili baada ya ibada watu wote wa uani watakula gimbi la kiapo.

Hapa naingia mimi. Wiki mbili kabla ya hapo tulikuwa tumechimbua viazi vya maua. Mama aliniachia kuvifukia, naye akaenda kumwona mgonjwa. Majivu yalikuwa machache, na nje wenzangu walikuwa wanacheza rede. Nilipanda darini nikavimwaga vyote kumi na kimoja kwenye kikapu kilichokuwa karibu, kikapu cha magimbi, nikijiambia nitavitenganisha kesho. Kesho yake nilivitenganisha kweli, mbiombio, kwenye giza la darini, kwa kupapasa. Sikuhesabu.

Jumapili ile bibi aliniita. "Sekela, panda ulete magimbi madogo madogo, yapikwe mazima." Nikapanda, nikaleta. Aliyamenya mwenyewe bila kusema neno, na sisi sote tulikaa kimya kumzunguka. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Alimenya kwa vidole zaidi kuliko kwa macho.

Tulikula uani saa saba mchana, juu ya mkeka, jua likiwa kali na upepo wa baridi ukivuma. Tulikuwa sita: bibi, baba mkubwa, baba, shangazi Tumpe, mama na mimi. Bibi alipakua gimbi moja moja kwenye kila sahani, bila chumvi. Baba mkubwa akaomba, kwanza kwa Mungu wa kanisani, kisha kwa Kinyakyusa kwa wale wa chini. Akasema atakayekataa kula atakuwa amejitaja.

Langu lilikuwa kubwa kuliko ya wote. Nilikuwa na njaa na nilifurahi. Nilikuwa nimeshalishika mkononi mama alipoinama kwangu.

"Lete hilo," alisema taratibu. "Wewe kula hili, ni laini."

Akachukua langu, akaniwekea lake, dogo kama yai la kuku wa kienyeji. Niliudhika. Nakumbuka vizuri jinsi nilivyoudhika, kwamba hata siku kama ile mama yangu anaangalia ukubwa wa chakula. Nikala lile dogo. Lilikuwa tamu.

Mama alikula lake lote. Hakutema hata kipande. Alitafuna haraka, akameza, akaweka mikono magotini. Kwa muda mfupi hakukuwa na kitu. Kisha niliona machozi yanamtoka bila yeye kulia, akaanza kumeza mate, mara nyingi, na midomo yake ikavimba mbele ya macho yetu. Alifungua mdomo kusema, ulimi haukumtii. Udenda ulimtoka kama mtoto mchanga. Niliinuka kukimbilia mtungi.

"Kaa," bibi akaniambia. "Asipewe maji mpaka aseme iko wapi."

Na angesemaje? Nimejiuliza swali hilo maisha yangu yote na bado linanitia hasira. Walimtaka aseme mtu ambaye ulimi umejaa kinywani. Alikuwa anatikisa kichwa tu, na kutikisa kichwa wakakuita ukaidi.

Baba mkubwa, ambaye hakuwa mtu mbaya na alipenda mambo yaende kwa utaratibu, akanigeukia mimi. "Sekela, mwanangu, wewe ulikaa naye. Alikulaje?"

Nikasema nilichokiona. "Alichukua langu kubwa, akanipa lake."

Kisha bibi akasema kwa sauti ndogo, karibu ya huruma, "Mmesikia. Lilikuwa kwa mtoto, likamfuata mwenyewe." Shangazi Tumpe akaanza kulia. Baba alikuwa ameshamaliza gimbi lake, ameinamisha kichwa, anafuta vidole kwa majani makavu, kidole kimoja kimoja.

Asubuhi ya Jumatatu nilipanda darini nikahesabu viazi vya maua. Vilikuwa kumi. Mkubwa hakuwepo. Nilikaa juu pale, kichwa kinagusa mabati, mpaka mtu akaniita. Nilielewa nilichokuwa nimekifanya, nilielewa vizuri kabisa, msinidanganye kwamba mtoto wa miaka minane haelewi. Nilikuwa na njia ya kushuka ngazi na kusema. Nilishuka, nikaenda kuchota maji.

Mama alipata sauti siku ya tatu, sauti ya kukwaruza. Alisema mara moja kwamba hakuchukua sanda. Hakurudia. Siku iliyofuata baba alimpeleka kituoni na sanduku lake, akapanda basi la Iringa. Mahari ilikuwa imeshatolewa, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa Mbalizi na hakuna aliyefikiri kuuliza kama nitaondoka naye. Alinishika kidevu, akanitazama mdomoni, akaniambia nisome. Bibi aliamuru vile viazi kumi vitupwe chooni, na aliyetumwa kuvitupa nilikuwa mimi.

Bibi alipona kifua wiki hiyo hiyo. Kwa uani wetu huo ulikuwa ushahidi mwingine. Aliishi miaka mitano zaidi, akanilea vizuri, na akawa anasema mbele za watu kwamba alishaonya juu ya yale majani. Sikuweza kumchukia. Hilo nalo linaniuma.

Alipofariki, nikiwa nimemaliza darasa la saba, baba alinunua bafta ya sanda mwenyewe. Siku tuliyoanua matanga aliniita barazani. Alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona.

"Ile bafta niliichukua mimi," alisema. "Kulikuwa na mteja ana binti wa kipaimara, na nguo nyeupe hakuna popote. Nilishona gauni. Nilitaka kurudisha nyingine kabla bibi yako hajafungua sanduku. Madukani haikuja."

Gauni lile nililikumbuka. Lilipita kanisani Jumapili ile ile ya kiapo, na bibi mwenyewe alilisifia ushonaji.

"Lakini baba, ulikula gimbi."

"Nilikula. Nilikuwa nasubiri liniunguze mimi." Aligusa gurudumu la cherehani kwa kidole. "Lilipomuunguza yeye, nikaona basi, kumbe naye ana lake. Gimbi haliunguzi bure. Nikasema labda la kwangu Mungu amelisamehe, ameona la kwake ni kubwa zaidi."

Alikuwa anasema kweli. Ndicho kinachonishinda mpaka leo. Ukimwacha mama mwenyewe, yeye ndiye mtu pekee duniani aliyejua kwamba mama hakuchukua sanda, na bado aliliamini gimbi kuliko alichokijua kwa mikono yake mwenyewe. Miaka mitano alilala akijiuliza mke wake alifanya dhambi gani. Sikumwambia habari ya kiazi. Nilimwacha na swali lake, kwa makusudi, na sijui kama nilifanya hivyo kwa kumwadhibu au kwa kujificha.

Nilimwomba nauli, nikaenda Kihesa.

Mama alikuwa anaishi nyuma ya nyumba ya kaka yake, chumba kimoja. Alinipokea kwa kamwene, salamu ya kwao, akanikalisha, akanikaangia yai. Sauti yake haikuwa imerudi sawasawa. Barazani alikuwa na makopo, majani mekundu katikati. Alikuwa amepata mbegu upya kwa mtu yule yule aliyempa zile za kwanza. Ulikuwa mwezi wa tano na kesho yake tulikaa kuchimbua. Nikiwa nimeinama kwenye udongo, ili nisimtazame, nilimwambia yote: bafta, gauni la kipaimara, maneno ya baba. Kisha nikamwambia na la kwangu, kikapu, rede, giza la darini.

Hakuacha kuchimbua. "Kikichemka kinakuwa cha njano," alisema. "Gimbi haliwi la njano namna ile. Nilikiona tangu bibi yako anakiweka kwenye sahani yako."

"Ulijua?"

"Sekela, kile kiazi nilikiinua na kukipanda miaka tisa."

"Mbona hukusema si gimbi?"

"Wangeuliza nani kaleta. Ulileta wewe." Alikung'uta udongo, akakiweka kiazi mkekani. "Na ningekiacha ukile, wangesema mtoto ndiye mwizi, halafu wasingekupa maji. Mdomo wako ulikuwa mdogo."

Nilimuuliza kama alisikia nilichomjibu baba mkubwa siku ile. Nilikuwa nimebeba matumaini ya kitoto kwamba kwa yale maumivu huenda hakusikia.

"Nilisikia," mama alisema. "Ulisema kweli. Nililichukua."

Nilimsihi turudi Mbalizi, baba akiri mbele ya ukoo, nami niseme. Alikataa. Alisema amezoea Kihesa. Baba hakumfuata wala hakuandika, na alifariki akiwa bado hajamwambia mtu mwingine. Nilikaa na mama, nikasoma, nikaajiriwa, nikaolewa hapo hapo Iringa. Kila mwaka nilikuwa ninasema nitakwenda Mbalizi na Tukuyu kueleza, nikitafuta wakati mzuri. Kuna mwaka watoto walikuwa wadogo, kuna mwaka baba mkubwa alikuwa mgonjwa na nikaona nisimsumbue. Mama hakuniuliza hata mara moja, na mimi nikajifanya kuamini kwamba asiyeuliza hahitaji.

Mama alipofariki tulimzika Kihesa. Baba mkubwa alikuja, mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu, safari ya siku nzima kwa basi. Sote tuliguswa. Walipotoa nafasi ya rambirambi alisimama, akavua kofia, akasema marehemu alikuwa mke mwema wa ukoo wao, mchapakazi, mpole, na kwamba kama kulikuwa na jambo moja alilokosea katika ujana wake, kila mtu hukosea, na wao kama ukoo walikwishamsamehe zamani. Alisema kwa upendo. Machozi yalikuwa yanamtoka.

Baada yake ilikuwa zamu ya mtoto wa marehemu. Nilisimama. Nilikuwa mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja, sina bibi wa kumwogopa, sina baba wa kumfichia, na watu wote waliopaswa kusikia walikuwa wameketi mbele yangu, kimya, wakinisubiri. Nilimshukuru baba mkubwa kwa kuja kutoka mbali, nikaketi.